Bado ya Pili

Mbithe alikuwa mdomo wa watu tangu utotoni. Shuleni ndiye aliyetumwa kumweleza mwalimu mgeni kwa nini darasa zima linacheka. Alipokua na kuajiriwa Eastleigh, katika duka la mapazia la Qali, alisimama kati ya tajiri wake na wateja: huyu Kisomali, yule Kikamba, wa tatu Kiingereza cha kuokoteza kwenye televisheni, na Mbithe katikati akipunguza matusi ya huyu na kuongeza adabu ya yule mpaka pazia linauzwa. Kanisani kwao Kaloleni, mhubiri mgeni akija, ni yeye aliyepanda jukwaani kufasiri. Waumini walisema mahubiri yakipitia kwake hutoka matamu kuliko yalivyoingia.

Mtu wa namna hiyo hakosi la kusema. Lakini asubuhi moja ya Jumanne alikosa, tena chooni. Vyoo vya Kaloleni ni vya watu wote wa safu moja ya nyumba, na jirani yake Clare alikuwa nje na ndoo yake anagonga, anauliza kuna mtu. Mbithe alikuwa anatazama damu kwenye nguo yake ya ndani, na hakuweza kujibu hata "kuna mtu".

Ilikuwa mimba yake ya kwanza, baada ya miaka minne ya kuolewa na kuulizwa-ulizwa. Walioijua walikuwa wawili tu: mumewe Kimanzi, dereva wa gari la mikate, na mama yake mzazi, Mbinya, aliyekuwa kijijini Mwala.

Kwenye zahanati ya karibu daktari Nangila alimpaka ule ute baridi tumboni, akatembeza kifaa chake, macho yake kwenye uso wa mashine. Kisha akasema, "Mfuko wa mimba nauona. Mapigo ya moyo, bado."

"Bado vipi?"

"Bado ni mapema. Huenda tukiangalia tena baada ya wiki mbili tutayaona. Huenda tusiyaone. Kwa sasa siwezi kukudanganya, dada."

"Nifanye nini?"

"Hakuna dawa ninayoweza kukupa ya kuishikilia. Kulala kitandani hakutaizuia isitoke, na kutembea hakutaitoa. Lakini ukijaza pedi ndani ya saa moja, ama tumbo likuume sana, hasa upande mmoja, ama usikie kizunguzungu, usingoje kesho. Njoo hapo hapo."

Mbithe akauliza juu ya majora ya mapazia anayobeba dukani. Nangila akasema si majora. Ungedhani angefurahi. Hakufurahi hata kidogo. Kama ingekuwa ni majora angeyaweka chini, na mambo yangekwisha. Sasa alikuwa na mikono miwili mizima na hakuna cha kuifanyia.

Mama yake alipopigiwa simu hakuuliza mengi, akapanda basi la kwanza. Hapo ndipo mashaka mengine yalipoanza. Kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume huoneana haya. Hawakai meza moja, hawatazamani usoni, hawasemezani ovyo, na kulala chini ya paa moja ndiyo usiseme. Kwa hiyo Mbinya alilala kwa Clare. Mchana alikaa barazani, nje ya pazia la mlango. Kimanzi akirudi kazini alikaa ndani, upande wa pili wa pazia hilo hilo. Walisikiana vizuri kabisa, hata kukohoa. Lakini neno la huyu halikumfikia yule mpaka lipitie kwa Mbithe, aliyelala kitandani katikati yao.

"Muulize mama kama amekunywa chai," Kimanzi anasema.

"Mama, umekunywa chai?"

"Mwambie nimekunywa, nashukuru."

"Anasema amekunywa."

Clare alimvuta kando siku ya tatu. "Niaje Mbithe. Kwani mamako na Kimanzi wamekosana?"

"Hawajakosana. Wanaheshimiana."

"Ai! Sasa hiyo heshima si itakumaliza?"

Chai ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa ile habari yenyewe. Kila Mbithe alipotoka chooni, akikata uwanja kwa kanga na malapa, aliwakuta wote wawili wamenyamaza wakimngoja. Mama hawezi kutamka damu mkwewe akisikia. Kimanzi hawezi kuuliza mama mkwe akiwa hatua mbili kutoka alipo. Basi wanamkodolea macho, na yeye anatoa taarifa ya mwili wake kama anayesoma matangazo kanisani: "Kidogo." "Kama jana." "Imeongezeka, lakini si sana." Kisha anajilaza na kugeukia ukuta. Alikuwa anaogopa mpaka meno yanamuuma, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusikia hilo, maana wote wawili walikuwa wanangoja taarifa.

Jioni moja Kimanzi alisema polepole, "Muulize mama kama yeye aliwahi kupata hii kitu."

Mbithe hakuwahi hata kuuliza. Sauti ya mama ilitoka barazani yenyewe. "Mwambie nilipoteza wawili kabla yako."

Mbithe hakujua. Ana umri wa miaka thelathini na mmoja, mtoto wa kwanza wa mama yake, kumbe hakuwa wa kwanza. Ndani, Kimanzi alikuwa ameshikilia kijiko hewani. Alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo alingoja. Na mama alingoja nje.

"Anasema naye alipitia," Mbithe akasema, na hilo likatosha kwa siku hiyo.

Katika wiki ya pili damu ilikatika. Alirudi kutoka chooni akasema, "Leo safi," na kesho yake safi, na keshokutwa. Kimanzi alileta nyama kilo nzima bila kuambiwa. Mama aliimba wimbo wa kanisa huku akichambua mboga, akiukosea maneno. Mbithe naye, Mungu amsamehe, alianza kufikiria majina.

Siku ya kurudi zahanati walikwenda wote watatu. Aliwaacha kwenye benchi, huyu mwanzo na yule mwisho, akaingia peke yake.

Nangila alitembeza kifaa. Akakirudisha alipoanzia. Akakibonyeza zaidi, akaomba samahani, akaendelea kutafuta kwa muda mrefu kuliko ile mara ya kwanza. Kisha akaugeuza uso wa mashine ukutani.

"Bado," akasema.

Neno ni lile lile, na aliyelisema ni yule yule. Lakini mtu aliyekula mkate wake kwa maneno hahitaji kufafanuliwa. Bado ya kwanza ilimwambia angoje. Hii ilimwambia asingoje tena.

Nangila akaeleza kwamba mfuko haujakua hata kidogo tangu siku ile, kwamba mimba nyingi huishia hivi na damu kukatika hakumaanishi kitu, kwamba anaweza kungoja itoke yenyewe, au ameze vidonge, au asafishwe kizazi, achague atakalo. "Na si kosa lako, dada."

"Sikuuliza kosa!" Mbithe akamjibu kwa ukali, kisha akaona aibu.

Alipotoka, wote wawili walimwinulia macho. Akalisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, liwafikie wote: "Mtoto hayupo."

Kimanzi akasema, "Muulize mama sasa tufanye—" na mama wakati huo huo, "Mwambie asi—"

"Sitaki!" Wagonjwa wengine waligeuka. "Nimechoka kutumwa. Ni mimi ninayeumwa! Ambianeni wenyewe!"

Mbinya alitazama sakafu. Akavuta leso yake mabegani, akaivuta tena. Halafu, bila kuinua uso, kwa mara ya kwanza tangu awaoze, akamsemesha mkwewe.

"Baba, mshike."

Kimanzi alisimama akamshika, akamkumbatia hapo hapo mbele za watu, kidevu chake juu ya kilemba cha mkewe. Na kwa kuwa mama mkwe hawezi kukaa akitazama mkwewe amemkumbatia binti yake, Mbinya aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka nje.

Mbithe alimwona juu ya bega la mumewe. Alikuwa amesimama juani kando ya lango, amewapa mgongo, anajifuta uso kwa pembe ya leso. Mbithe alimtaka Kimanzi asimwachilie. Alimtaka na mama yake pia, sasa hivi, kama mtoto. Lakini mama hangerudi maadamu Kimanzi amemkumbatia, na hakukuwa na mtu wa kumtuma amwite.