Nilikwenda Venisi Kumchukua Shangazi

Nilikwenda Venisi kwa jambo moja tu: kumleta Shangazi Mwanaidi kwetu Ladywood, mtaa wa Birmingham. Mumewe alizama mferejini majira ya ukungu, na tangu hapo kila nikikwangua kadi ya simu kumbembeleza, jibu ni lile lile: haondoki. Safari hii niliapa simwachi.

Asubuhi ya kuondoka nilimwita binti yangu Lulu tuagane. "What?" akajibu kutoka chumbani. Amezaliwa Birmingham; Kiswahili anakisikia lakini kinywani hakitoki. Nikamfokea kama kawaida: mkubwa akikuita unasema labeka, halafu unakuja. Kisha nikambusu, nikamwacha na baba yake.

Venisi nilifika jioni. Watu wa Birmingham hujisifu kwamba mifereji yetu ni mingi kuliko ya kule. Wacha wajisifu. Yetu inapita nyuma ya magorofa, ina bata na makopo ya bia. Kule maji yanamfikia mtu mlangoni, na ngazi zina utelezi wa kijani.

Shangazi alinipokea kwa chai ya tangawizi na nasaha anazowapa wageni wote. "Uwanja wao mkubwa uende alfajiri, kabla watalii hawajaamka. Kahawa unywe umesimama, kama wenyeji. Ukipotea usihangaike, wafuate wenye vikapu, wanakwenda sokoni." Akapunguza sauti. "Na ukungu ukishuka, ukisikia jina lako, usiitike mpaka umwone anayekuita."

"Hata ukiniita wewe?"

"Hasa mimi. Mume wangu aliitwa kwa sauti yangu. Jirani alimsikia akiitika. Mimi nilikuwa jikoni."

Nikamwonea huruma. Ujane huo, nikasema moyoni.

Kulipokucha nilitoka. Uwanja nikauona, kahawa nikanywa nimesimama, nikajiona mwenyeji kabisa. Wakati wa kurudi ukungu ukashuka, mzito, hata daraja nililolikanyaga silioni. Ndipo nikasikia, "Asha! Asha, njoo huku!" Ilikuwa sauti ya Shangazi, pamoja na kile kikohozi chake.

"Labeka, Shangazi!" Lilinitoka kabla sijafikiri, nimelelewa hivyo. Nikaifuata sauti, na hatua ya mwisho haikukuta ardhi. Nilidaka chuma cha kufungia boti, maji yamenifika kiunoni. Mbele yangu, karibu sana, ikaita tena, taratibu: "Asha."

Sijawahi kuogopa vile maishani.

Nyumbani nilimkuta Shangazi juu ya mswala. Alitazama nguo zangu tu. "Umeitika," alisema. Hakunigombeza. Alianza kukunja kanga zake. "Nilibaki kwa sababu kila ukungu namsikia mume wangu ananiita, nami siitiki. Lakini kama sauti hiyo imeshalijua jina lako, sikai tena."

Tulirudi Ladywood pamoja, nami nimejifunza kwamba nasaha za mwenyeji hazichambuliwi kama mchele, unazichukua zote.

Wiki haijaisha, alasiri moja ukungu ulitanda juu ya mfereji wa nyuma ya gorofa letu. Mimi na Shangazi tulikuwa jikoni tunamenya viazi. Lulu akapita amevaa koti na viatu, akasimama ghafla kumwona bibi yake.

"Bibi? You were calling me. Down there, by the canal."

Kisu cha Shangazi kilisimama.

"Usiitike!" nikapiga kelele. "Lulu, usiitike kabisa!"

Lulu, ambaye hajapata kunijibu kwa Kiswahili hata siku moja, alitabasamu kwa fahari.

"Nimeshasema labeka, Mummy."