Debe la Asali Stesheni ya Tura
Yule gadi wa gari moshi hakushuka behewani kabla ya kujifuta viganja kwa leso, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyezoea filimbi imsemee. Mwanahawa, muuza asali wa stesheni ya Tura, aliyajua hayo yote. Mwaka wa pili wa Uhuru gadi aligombea ukatibu wa chama cha wafanyakazi wa reli, na Mwanahawa akamletea debe zima.

“Uza, upate nauli ya kuwazungukia wapiga kura.”

“Sheria hairuhusu, Bi Mwanahawa. Mgombea hachangiwi na asiye mwanachama.”

“Na kama si mchango?”

“Ni nini basi?”

Mwanahawa akainamisha uso. Gadi, ambaye hajapata kuchelewesha gari hata dakika moja, akabaki amelipakata debe lile mpaka dereva alipopiga honi mara mbili, ndipo akalirudisha.

“Nisubiri kura zipite.”

Zikapita, akashinda. Lakini katibu hukaa ofisini Tabora mjini, hasafiri na gari. Habari zilipofika, Mwanahawa alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, kisha akamwachia mwenzake biashara, akaenda kukaa peke yake nyuma ya tangi la maji.