Jogoo kwa Nyumba Isiyo na Mlango

Binti yangu wa miaka saba alimuuza jogoo wake ili anunue matofali ya plastiki ya kuchezea. Alitaka kujenga nyumba yenye mlango unaofunguka, basi. Jogoo yule ndiye aliyekuwa mali yake pekee, nami nikajipa kazi ya kuhakikisha hapunjwi.

Mimi ni karani wa mizani. Kila msimu wa pamba napima magunia ya wakulima kule Zagayu, na wananijua. Wapo wanaomwagia pamba maji, wapo wanaoficha mchanga chini ya gunia. Nazamisha mkono mpaka kwapani, nautoa huo mchanga, halafu namtazama mwenye gunia hadi akumbuke kwamba ana shughuli kwingine. Kwa hiyo tulipokwenda dukani Bariadi mjini, nilibeba mizani yangu ndogo ya ndoano.

Kulikuwa na maboksi mawili ya bei moja. Dogo lilikuwa na picha ya nyumba yenye mlango mwekundu, kubwa lilikuwa na picha ya ngome. Nikayaning'iniza moja baada ya jingine mbele ya wateja. Kubwa lilikaribia kulizidi dogo mara tatu.

"Baba, mlango uko kwenye hili dogo."

"Mayu, mama yangu, picha haijengi. Uzito ndio mali."

Mwenye duka akakohoa. "Mzee, hilo dogo lina vipande vingi zaidi."

Nikatabasamu tu. Muuzaji anayekushauri bila kuombwa ana mchanga wake mahali.

Nyumbani tukafungua ngome yetu. Chini kabisa kulikuwa na bamba la plastiki, nene kama kibao cha kukatia nyama, na uzito wote ulikuwa humo. Matofali yenyewe yalikuwa makubwa na machache, mlango hakuna. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Karani, leo mkono hukuuzamisha?"

Mganga hajigangi. Nilicheka na mimi, lakini mtoto hakucheka, na hapo nikaona aibu ya kweli.

Asubuhi iliyofuata nilitakiwa Zagayu. Mizani haikuwepo kwenye msumari wake. Binti alikuwa amekaa sebuleni kando ya nyumba yake mpya: kuta nne, na lile bamba limekuwa paa. Ndoano ilichungulia kwenye upenyo kati ya matofali.

"Mizani yangu iko humo?"

"Ndiyo, baba. Ila nyumba haina mlango."

Ningeweza kuibomoa kwa kidole kimoja. Nikamkumbuka jogoo, nikavaa viatu.

Mwenye duka aliponiona alianza kusafisha meza, apate nafasi ya kutazama vizuri.

"Mzee, leo hupimi?"

"Mizani imefungiwa," nikamwambia. "Nipe lile lenye mlango."