Siku Mtambo wa Ngara Ulipomkamata Mama Rahab

Afadhali mnisikie mimi kwanza, kwa sababu najua habari hii imeshazunguka Dagoretti yote, na mkiisikia kwa Mama Rahab atawaambia nililia, na sikulia. Niliona aibu, hilo silikatai, aibu ya mtu mzima, ile ya kukosa mahali pa kuweka mikono. Lakini kulia, hapana.

Chanzo ni kondoo. Mjukuu wangu Njoki amepata mchumba, na watu wake wakaja kwetu vile desturi inataka, wakaleta kondoo jike mchanga na mbuzi jike mchanga, ambao sisi Wakikuyu tunawaita mwati na harika. Hao si wa kuchinjwa wala kuuzwa, wanakaa kwa kina msichana wazae, ndiyo alama kwamba msichana ana mwenyewe, na siku wakwe wakirudi kwa mazungumzo makubwa, hata kabla ya chai, macho yao yanatafuta wale wanyama. Sasa fikirieni, wakwe wanarudi Jumamosi, na Jumatatu asubuhi naenda kwa bafu la zamani (halitumiki tena, ndimo nilikuwa nawalaza), harika yuko, mwati hayuko.

Mimi ni mtu wa kushuku. Watu wanasema ni dhambi, mimi nasema ndiyo maana bado nina kuku. Kabla maji ya chai hayajachemka nilikuwa nimeshajua ni nani. Kwa ploti yangu kuna mpangaji anaitwa Mutiso, mtu wa Machakos, anafanya kazi kichinjioni, na ni mpole. Huo upole ndio ulinitia wasiwasi zaidi. Mtu anashinda na kisu mkononi kutwa nzima, halafu jioni anakusalimia kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto? Asubuhi hiyo nilimkuta bombani anaosha gambuti zake, anasugua, anasugua, nikajiuliza, ni nini hicho kinachokataa kutoka?

"Mutiso," nikamwambia, "kondoo wa Njoki yuko wapi?"

"Shosho, mimi nikitaka nyama ya kondoo si naamkia mahali wamejaa? Niibe haka kamoja kembamba?"

Mnaona? Namuuliza yuko wapi, yeye ananijibu habari za wembamba. (Na hakuwa mwembamba.) Nikamwambia kama hasemi ukweli, wiki ikiisha atoe vitu vyake kwa nyumba yangu. Mkewe Mwende alikuwa amesimama mlangoni, mimba imefika pale mtu hawezi kujifunga kamba za viatu, akanitazama tu. Hata hilo nikalitilia shaka.

Njoki ndiye aliyeleta mambo ya mtambo. Anafanya kazi Ngara, mjini Nairobi, juu ya maduka ya vitambaa, kwa ofisi moja ambako makampuni hupeleka wafanyakazi wao kupimwa kama wanasema kweli. Yeye hukaa mbele na kupokea watu. Akaniambia, "Cucu, bibi yangu, huwezi kumfukuza mtu na mke mjamzito kwa sababu ameosha viatu. Mlete apimwe. Akionekana safi, umwache."

Nikakubali. Mutiso naye akakubali, haraka sana. (Kwa nini haraka hivyo?)

Jumatano nikaenda kumwona mkubwa wa Njoki, Bwana Ouma, mwanaume mrefu wa viatu visivyo na sauti, na mimi simwamini mtu ambaye viatu vyake havisikiki akija. Nikamwambia nimekuja kwa ile mashine ya kukamata waongo.

"Kwanza tuliache hilo jina, mama," akasema. "Inaitwa poligrafu, na uongo haiujui. Inajua pumzi, mapigo ya moyo na jasho la vidole, basi. Uongo hauna mshipa wake mwilini. Mtu mkweli akitetemeka kwa woga tunaweza kumwona kama mwongo, na hiyo tunaiita chanya ya uongo."

"Yaani hata mashine yenyewe husema uongo?"

Bwana Ouma akakohoa.

Akanifundisha maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. Kuna swali la msingi, ndilo la kesi yenyewe: ulimwiba kondoo? Na kuna swali la kulinganisha, anamuuliza mtu kitu ambacho karibu kila binadamu amewahi kukosea, kama vile umewahi kuchukua kisicho chako, halafu anaangalia mwili umeruka zaidi wapi. Hilo sikulipenda. Nikamwambia, "Unamtega mtu aongope kidogo ndio ujue kama ameongopa sana?" Akacheka, akasema kwa kesi yangu ana kitu bora, kipimo cha maelezo yaliyofichwa. Nimpe mambo ambayo mimi na mwizi peke yetu tunayajua. Yeye atayachanganya na mengine ya uongo, na lile la kweli katikati yao linaitwa ufunguo. Mwizi atajibu hapana kwa yote, lakini mwili utaujua ufunguo, kama vile wewe unavyosikia jina lako likiitwa katikati ya kelele za soko.

Basi nikampa. Kondoo alikuwa amefungwa shingoni uzi mwekundu nilioufumua kwa sweta ya Njoki ya shule. Alilala ndani ya bafu la zamani. Mlango niliukaza kwa mpini wa jembe.

"Umemwambia nani mambo haya?"

"Hakuna." Na siku hiyo ilikuwa kweli.

"Basi usimwambie mtu, mama, hata Njoki. Yakivuja, kipimo kimechafuka, na hakioshwi."

"Kijana," nikamwambia, "mimi siri naijua tangu hujazaliwa."

Alhamisi tukawa na maombi ya akina mama kwa Mama Rahab. Kila mtu hutoa ombi lake, kisha tunaomba. Nikasema ombi langu kwa ufupi, niombeeni, nimepoteza kondoo. Mama Rahab akafungua jicho moja.

"Kondoo tu, Mama Kamau? Kondoo ni wengi duniani. Tufafanulie, tuombe kwa shabaha."

Na kwetu, mkinielewa, ombi lisilo na maelezo linaonekana kama umemficha Mungu kitu. Nikajiambia, Mungu si anajua tayari? Kwani namwambia mtu? Naomba. Nikafunga macho, nikamweleza Mungu kila kitu kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, uzi mwekundu wa sweta, bafu la zamani, mpini wa jembe, na mwishoni nikaongeza kwamba yuko mtu karibu sana na mlango wangu, ee Bwana, anayejua kuchinja. Wanawake wakasema "Mmmh." Nikarudi nyumbani nimeridhika.

Ijumaa tukapanda ngazi za Ngara, mimi, Mutiso, na Mama Rahab aliyesema anakuja kuuombea ule mtambo. Pale mbele kulikuwa na benchi limejaa vijana wa supamaketi, wenye sare, wakingoja zamu yao, wamenyamaza kama watu wa msibani. Mutiso akaingizwa. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, na mimi sikukatazwa kusikia. Bwana Ouma akamuuliza, "Kabla hatujaanza, kuna lolote unalojua kuhusu alivyofungwa kondoo huyu, au alikolala?"

"Sijui kitu," Mutiso akasema. Haraka tena. Nikamgusa Mama Rahab kwa kiwiko.

Kisha nikasikia maswali, polepole, na kimya kirefu katikati. Alifungwa kamba ya katani? Hapana. Waya wa buluu? Hapana. Uzi mwekundu? Hapana. Kipande cha mpira? Hapana. Ikaendelea hivyo mpaka mlango na mpini wake.

Bwana Ouma akatoka, akaniita pembeni, akanionyesha mistari kwenye kompyuta. Ilikuwa inatembea taratibu kama mifereji, halafu pale penye uzi mwekundu, ikaruka. Pale penye bafu, ikaruka. Pale penye jembe, ikaruka zaidi.

Sikungoja afafanue. Nikageuka, nikasema mbele ya benchi zima, "Mutiso, toa vitu vyako kwa nyumba yangu leo!"

Mutiso alikuwa ametokea mlangoni, anajivua vitu vya kupimia vidoleni. Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu. "Shosho, mke wangu anajifungua mwezi huu."

"Ungefikiria hilo ukiwa na kisu."

"Basi mpime mtu mwingine," akamwambia Bwana Ouma. "Yeyote. Huyu mama wa maombi. Akipita, nahama bila kubisha."

Mama Rahab akasimama akatengeneza kitambaa chake cha kichwa, akaingia akitabasamu kama anaenda kupigwa picha. Na mimi nikaingia nyuma yake, nikakataa kutoka. Bwana Ouma akamfunga mkanda wa kifuani, akamvalisha vile vitu vya vidole, akaanza. Kamba ya katani, hapana. Waya wa buluu, hapana. Uzi mwekundu.

Mungu wangu, ule mstari uliruka mpaka nikafikiri umetoka kwenye kioo.

Bafu, ukaruka. Jembe, ukaruka. Sasa hapa ndipo mnione jinsi moyo wangu ulivyo, kwa sababu mtu mwenye akili angejiuliza, kumetokea nini? Mimi nilimtazama Mama Rahab, rafiki yangu tuliyezeeka pamoja, nikakumbuka kwamba Jumanne nyumba yake ilinukia mafuta ya kukaanga, nikapiga kelele iliyofika kwa wauza vitambaa chini:

"Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi nini?"

"Umejuaje uzi ni mwekundu?"

Mama Rahab akanyanyuka na zile waya zote. "Si wewe mwenyewe ulituambia jana ukiomba! Na ya sweta! Na ya jembe! Nusu ya kanisa tunajua, Mama Kamau, unaniita mwizi kwa maombi yako?"

Kule benchini kijana mmoja akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Mwingine akasema, "Shosho, hata sisi sasa tunajua ni uzi mwekundu. Tutapimwa pia?" Benchi lote likaangua. Njoki alikuwa ameficha uso nyuma ya kompyuta yake.

Bwana Ouma akavua miwani. "Matokeo hayana uamuzi. Kipimo kimechafuka."

"Na mwizi ni nani?"

"Mama, sasa hata mwizi mwenyewe akiletwa hapa ataonekana tu kama mtu aliyekuja kwa maombi."

Nikamgeukia Mutiso. "Na wewe kwa nini ulisema hujui?"

"Mwende alikuwa kwenye maombi jana, alikaa karibu na mlango. Alikuja nyumbani akilia, akaniambia yote. Ningesema najua, ungesema najua kwa sababu ni mimi. Nikisema sijui, mashine inanikamata. Shosho, wewe ungejibu nini?"

Jibu la swali hilo? Mpaka leo nalitafuta.

Tukateremka ngazi. Chini, Mutiso akasimama. "Sihami. Lakini ulinisema kwa maombi, uniondoe hapo hapo kwa maombi. Mwende awepo."

Jumamosi wakwe wakafika, na kabla ya chai nikasimama niseme habari ya mwati. Nyanya yao akaniinulia mkono. "Keti. Tulisikia tangu jana jioni kwamba huku mnatafuta kondoo kwa kompyuta." (Nani aliwaambia? Namjua.) Walikuwa wamekuja na mwati mwingine, na walicheka mpaka chai ikapoa, lakini msichana wetu hawakumwacha.

Alhamisi iliyofuata, kwa Mama Rahab, nikaomba, macho wazi. Nilimtazama Mwende, nikasema, "Ee Bwana, nilimtaja mume wa huyu mama bila ushahidi, nilikosea, na wote walioko hapa wasikie." Mwende hakunitazama. Akasema "Amina," kisha akasogea kidogo kwenye kochi, akaniachia nafasi ya kuketi.

Mwizi hajapatikana. Nikiwa kanisani na watu wamefunga macho, mimi nawahesabu mmoja mmoja. Lakini maelezo nimeacha kabisa. Siku hizi nasema, Bwana, lile jambo unalijua, nakaa chini, na Mama Rahab (tunasalimiana) anafungua jicho moja mpaka linachoka.

Mwati mpya analala ndani kwangu, karibu na kitanda. Nimemfunga kitu shingoni. Cha rangi gani, sitasema, na siku mtu yeyote akiitaja hiyo rangi mbele yangu, sitahitaji kupanda ngazi za Ngara.