Shule Isiyokuwa na Moshi

Iko harufu moja ambayo, nikikutana nayo ghafla, hunifanya nikunje ngumi kabla sijajua sababu. Ni harufu ya nyasi kuukuu za paa zilizokolea moshi wa miaka mingi: kavu, chungu kidogo, na kwa mbali ina utamu wa ndizi iliyosahauliwa jivuni. Wengine wakiisikia hukumbuka nyumbani. Mimi huikumbuka shule, ambayo haikuwa nayo, na bibi yangu mzaa mama, aliyefungwa kwa kutaka kuipa.

Nyumba zetu za mbavuni mwa Uluguru, mwendo wa siku nzima juu ya mji wa Morogoro, zilikuwa za mviringo, zenye mafiga katikati, na moto wake haukuzimwa ila watu walipohama. Moshi haukuwekewa dirisha. Ulipanda, ukatambaa kwenye fito, ukapenya nyasi taratibu mpaka nje, hata asubuhi za baridi ungedhani nyumba zinatoka jasho. Miti ya paa ilikuwa myeusi na inang'aa kama iliyopakwa mafuta, na iliishi kuliko watu walioikata.

Shule ilipokuja kwetu, ilikuja ikiwa karatasi. Akida aliyetutawala kwa niaba ya Wadachi aliitoa bomani Morogoro, akaifungua mbele ya watu, akawasomea: chumba kirefu cha pembe nne, madirisha makubwa pande zote, kuta zipakwe chokaa, wala moto usiwashwe ndani. Hakuna aliyeulizwa lolote. Watu waliijenga kwa amri, bila ujira, na mjomba wangu, mwana pekee wa kiume wa Bibi, akafanywa msimamizi. Ilipendeza, sikatai. Siku nilipoingia mara ya kwanza, nikiwa kibogoyo wa meno ya mbele, nilidhani mwanga wote ule umeletwa kwa ajili yangu.

Mwaka wa pili fukusi walihamia kwenye miti ya paa. Wakati wa hesabu tuliwasikia wakitafuna juu yetu bila haya, na unga wao mweupe ukatuangukia vichwani na kwenye vibao vya kuandikia. Mwalimu wetu, mtu wa pwani mwenye kanzu safi na ulimi mwepesi, aliingia asubuhi moja, akatutazama, akainama kwa adabu: "Ninaona leo nafundisha wazee watupu. Shikamooni!" Tulicheka mpaka unga ukatuingia puani.

Watu wazima hawakucheka. Paa lilipoanza kubonyea waliitwa kuacha mashamba yao, tena wakati wenyewe wa kufyeka, wakakate miti mipya na nyasi mpya. Mwaka uliofuata wakaitwa tena. Mara ya tatu Akida alisema kwamba Waluguru wanailetea serikali miti mibovu kwa makusudi: paa likianguka tena, msimamizi atapigwa viboko hamsa ishirini mbele ya wote.

Siku chache baadaye Bibi alikuja shuleni. Nilikuwa zamu ya kufagia, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mwalimu," alisema, "nyumba hii inakufa."

"Inaumwa nini, Bibi?"

"Haijaonja moshi tangu izaliwe. Watoto wakienda kusaidia mavuno, niachie mimi. Nitaweka kuni mbichi kwenye vigae. Hazitawaka, zitafuka tu."

"Hapa ni shule, Bibi, si jikoni kwako."

"Ndiyo maana inaoza."

Mwalimu akacheka kwa sauti. "Haya, ifukize basi, kama bibi harusi! Ila chokaa yangu usiniharibie."

Bibi alianza upande wa mashariki. Aliziba madirisha kwa mikeka, akapanga vigae, akakaa katikati yake na kibuyu cha maji, akivisogeza hatua kwa hatua kila siku chache. Unga wa fukusi ukakoma upande ule. Mwalimu alikuwa akipita, akimtania, "Bibi harusi hajambo?" naye Bibi akijibu kwamba bado anaona haya. Kijiji kizima kilijua. Alipofika nusu ya chumba, Akida alipita na askari wawili, akauona moshi ukitoka kwenye paa la serikali.

Yafaa msomaji akumbuke wakati wenyewe. Vita vya Majimaji vilikuwa vimezimwa karibuni, na wakimbizi kutoka upande wa Kisaki walikuwa bado wanalala kwenye vibanda vya watu. Moshi juu ya nyumba ya serikali ulisomwa kwa namna moja tu. Askari walivunja vigae kwa vitako vya bunduki. Watu wote tukakusanywa uwanjani.

"Mimi nilikuwa kwangu, Bwana Akida," Mwalimu alisema kabla hajaulizwa. "Sina habari."

Akida akatugeukia watoto. "Nani aliyewasha moto huu?"

Tulifundishwa shuleni kujibu swali kwa sentensi kamili, kisha kufunga mdomo, maana atoaye zaidi ya alichoulizwa ni mpayukaji. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Nikanyoosha mkono, nikasimama wima, nikasema: "Moto huu umewashwa na bibi yangu, Bwana Akida." Nikafunga mdomo.

"Mtoto safi," akasema. "Huyu amesoma."

Bibi hakunitazama. Alimtazama Mwalimu. "Sema basi, Mwalimu. Si uliniambia niifukize?"

"Mwalimu wa serikali akutume uchome shule ya serikali?" Akida akauliza, na askari wakaangua kicheko. Mwalimu alikuwa akikunja mkono wa kanzu yake, akiukunjua, akiukunja tena. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nikijua yote, na nikiona fahari ya kusifiwa ikinipanda usoni. Pengine neno langu moja lingemwokoa Bibi, pengine wangelipuuza. Sijui, kwa kuwa sikulisema.

Walimfunga kamba kiunoni, wakateremka naye Morogoro. Akakaa kifungoni masika yote, akibebeshwa mawe. Katika mvua hizo hizo upande wa magharibi wa paa ulianguka, na mjomba akapigwa viboko vyake vyote, nasi wanafunzi tukipangwa mstari tutazame. Upande wa mashariki ulisimama. Kila mwenye macho aliuona umesimama, mpaka pale moshi ulipokomea. Akida aliamuru ubomolewe nao, ili shule ijengwe upya sawasawa na karatasi.

Bibi aliporudi hakuweza tena kunyoosha mgongo. Nilimpelekea maji ya kunawa. Alinawa kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Ulikuwa umesimama pale na ufagio, sivyo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi," akasema, akanirudishia kata.

Hakulitaja tena mpaka alipofariki. Laiti angenichapa! Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba sikusema uongo. Mtoto yule hakujua kwamba mtu anaweza kumwangamiza mwenziwe kwa ukweli mtupu, akiukata tu mahali panapomfaa mwenye nguvu. Na kwamba alikuwa amefundishwa kuukata hivyo, tena kwa alama nzuri.

Sifa ile ya Akida ndiyo iliyonipeleka chuoni pwani. Huko, katika karakana, mwalimu wetu Mdachi alitueleza siku moja kwamba mti wa kujengea ukikaushwa kwa moshi hauguswi na fukusi. "Andikeni," akasema. "Haya ni maarifa." Wenzangu wakaandika. Nami nikaandika, kwa mwandiko wangu uliosifiwa, nikiikandamiza kalamu kwa hasira hata ikatoboa daftari. Hakuna aliyemfunga yeye kamba kiunoni.

Mwaka huu mimi ni mwalimu, na nimepewa kusimamia matengenezo ya shule moja huko huko milimani. Katika ramani niliyoipeleka bomani nilichora mafiga matatu katikati ya chumba, nikaandika kwamba wakati wa mapumziko pafukizwe. Juma lililopita ramani ilirudi. Mafiga yamefutwa kwa wino mwekundu, na pembeni wameuliza: "Nani aliyeshauri jambo hili?"

Nimejibu kwa kurasa mbili. Nimeandika jina la bibi yangu na la ukoo wake, na kijiji, na upande wa paa uliosimama. Nimeandika kwamba alipewa ruhusa, na aliyempa alikuwa nani, na maneno aliyotumia. Mwisho nimeandika kwamba mimi nilikuwapo, nikasikia, nikanyamaza. Kisha nikatia sahihi.