Nyundo Tatu za Mhunzi wa Buyenzi

Kwa mara ya tatu springi ya lori ilitoka motoni nyekundu, na kwa mara ya tatu ikaanza kupoa huku mhunzi akichagua nyundo. Hamimu, mwenye lori, akasonya. Shehena yake ya ndagala wabichi, visamaki vya ziwani, ilikuwa juani tangu asubuhi, na nzi walikwisha kupata habari. Mhunzi aliinua nyundo ya pembe nne waliyoiacha Wabelgiji, akaipima kiganjani kama mtu anunuaye nyama. “Hii iko na hasira.” Akaiweka. Akashika ya kichwa cha mviringo. “Hii inabembeleza.” Kisha ile ya babu yake, chuma kitupu kisicho na mpini, hiyo aliifuta kwanza kwa shati lake, akainamisha kichwa kana kwamba anaisikiliza.

“Muzee, nyundo ni nyundo! Ndagala yangu inaoza!”

Mhunzi akamkabidhi ya Wabelgiji. Hamimu akapiga pigo moja, la hasira zake zote. Mhunzi akainama, akatazama pembe ilivyochimba chuma.

“Sasa tunajua mahali itakatikia,” akasema kwa upole. Akairudisha springi motoni, akaketi, akaanza kupima nyundo upya, kuanzia ya kwanza.