Sista Lucia Malimi, Mama wa Waliosahau

Alizaliwa mwaka 1964 katika familia ya wafugaji kando ya Ziwa Viktoria. Akawa mtawa na muuguzi. Ndugu zake walipohamia Ruangwa, mkoani Lindi, na ng'ombe wao, shirika lake nalo likamtuma huko, mwaka 2011, kwenye zahanati ndogo karibu na Chinongwe.

Siku moja, nyumbani kwa Mbaruku, mkulima wa korosho, Lucia alimkuta mama wa mkulima huyo, Bibi Biasha, amefungwa kamba kwenye mguu wa kitanda. Bibi alikuwa amesahau njia ya shamba, kisha moto jikoni, mwisho hata mwanawe. Majirani walinong'ona kwamba ni uchawi.

"Nikimfungua anapotelea porini, Sista," Mbaruku alisema huku machozi yakimtoka. "Nikikaa naye, nani atalima?"

Lucia alipiga magoti, akafungua kamba. "Mlete kwangu asubuhi, umchukue jioni."

Wakaanza kuletwa nyumbani kwake wazee wengine waliosahau, Waislamu na Wakristo, kutoka Mbekenyera hadi Lionja. Kila mwaka Lucia alikwenda halmashauri kuomba dawa na wahudumu, na kila mwaka alijibiwa kwa upole: "Sista, sera inawatambua wazee, lakini ugonjwa huu hauna fungu kwenye bajeti." Wafadhili waliokuwa wakiwalipa wasaidizi wake walipomaliza mradi wao, wasaidizi hao wakaondoka. Akabaki peke yake, akifua mashuka yaliyolowa mkojo, akipigwa na mikono isiyomjua. Hata sala ilimkauka. Alimwambia Padre Teofili, aliyemwungamisha: "Mungu ananitazama kama Biasha anavyomtazama mwanawe."

Machi 2023, mvua ikinyesha, Bibi Biasha alitoroka. Lucia, kifua kikimbana, alimfuata porini. Walipatikana kesho yake korongoni. Waliowakuta wanashuhudia kwamba bibi alikuwa na joto, na nguo zake kavu. Wengi wanasema ni muujiza. Mbaruku husema tu kwamba Sista alimlalia juu usiku kucha, akimkinga mvua. Nimonia ilimwua Lucia wiki ile ile. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Msimfunge."

Nyumba yake imefungwa. Fungu halijapatikana, na katika baadhi ya nyumba kamba zimerudi. Mbaruku sasa ndiye anayekwenda halmashauri, naye hurudi na jibu lile lile. Jioni humwogesha mama yake, humlisha uji, na kila mara bibi anapouliza, "Wewe ni nani?" humjibu, bila kuchoka, "Ni mimi, mama, Mbaruku." Anayetaka kumwiga Sista Lucia, mtumishi huyu wa Mungu, na aanzie hapo.